Masika Yakikutana na Bamvua: Kulinda Gari la Kale Dhidi ya Mafuriko Mombasa

Peugeot 404 aliyoniachia baba haikuuawa na maji. Maji yaliingia banda letu Kisauni usiku mmoja wa mvua za Novemba 2023, yakafika kwenye vitasa vya milango upande wa mbele, yakakaa mpaka alfajiri, kisha yakashuka yenyewe. Niliyeiharibu ni mimi. Asubuhi nilikausha distribuita, ile inayogawa umeme kwenye plagi, kwa kitambaa, nikaazima betri ya gari la kazi, nikawasha. Injini ilishika, ikazunguka kidogo, ikapiga kishindo kama cha nyundo, ikanyamaza. Maji yalikuwa yamebaki ndani ya silinda, na maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ilipopanda ikakuta ukuta, konrodi, yaani mkono unaoisukuma pistoni, ikapinda. Fundi wangu alipofika alisema neno moja tu: "Mzee, ungenipigia simu kwanza."

Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa yeyote mwenye 404, 504, Beetle, Datsun, Land Rover ya zamani au Mercedes ya babu hapa Mombasa. Gari la kale likizama, huendi bandarini kununua jingine. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lilipoundwa, kwa hiyo haya tuliyo nayo ndiyo hayo hayo, na kila mwaka yanapungua. Nyingi ya zile 504 ziliunganishwa hapa hapa mjini kwetu. Peugeot hizo zilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Ni urithi wa watu wa hapa, na hulindwa na mikono ya watu wa hapa.

Fahamu adui wako ni maji gani

Wenzetu wa Florida, Marekani, hukabiliwa na vimbunga vinavyosukuma bahari yenyewe hadi ndani ya nyumba. Kimbunga Ian kilipopiga kusini-magharibi mwa Florida Septemba 2022, magari ya thamani ya wakusanyaji yalizama kwenye maji ya chumvi ndani ya gereji zao. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha ya kukizungusha kimbunga. Kwa hiyo hufika kwa nadra sana. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitua Mafia, Tanzania; huku kwetu shughuli za baharini zilisimamishwa, lakini kitovu hakikutufikia.

Balaa letu ni jingine. Mvua kubwa inanyesha, mitaro inabeba maji kuelekea baharini, na bahari wakati huo imejaa. Maji hayana pa kwenda. Siku za bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida, bahari ya Mombasa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kilele chake huja karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Mvua ya muda wa saa moja ikinyesha maji yakiwa yamekupwa, barabara hulowa na kukauka. Mvua ile ile ikinyesha bahari imejaa, banda linageuka birika.

Wavuvi wetu hawahitaji simu kulijua hili. Bamvua huja siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, na huendelea siku mbili tatu baadaye. Katikati yake ni maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana. Kwa hiyo bandika ukutani mwa banda vitu viwili: kalenda ya mwezi na jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Kilindini. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote hapa kwetu, ukifuatiwa na Aprili, kisha Oktoba na Novemba za vuli. Siku za bamvua zinazoangukia miezi hiyo zizungushie wino mwekundu.

Pima banda lako

Hili lifanye siku ya jua. Kazi yenyewe ni ya nusu saa, na watu wengi hawaifanyi kabisa. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, ule ambao waashi hutumia kupimia levo. Ujaze maji, ncha moja iwe kwenye sakafu ya banda, nyingine kwenye ukingo wa mtaro wa barabarani. Sasa unajua sakafu yako iko juu au chini ya barabara, na kwa sentimita ngapi. Mimi niligundua sakafu yangu iko sentimita 22 chini ya barabara. Miaka thelathini nilikuwa nikiiita "tambarare".

Halafu tafuta alama ya maji ya zamani. Kuta za chokaa hazisahau. Utaona mstari wa kahawia au chumvi nyeupe. Waulize majirani waliozaliwa pale, hasa akina mama waliokuwa wakihamisha magodoro. Pigia alama hiyo mstari wa rangi ukutani, kisha pima kutoka sakafuni. Simamisha gari lako kando yake, uangalie mstari unapita wapi: kwenye rimu, kwenye stata, kwenye kabureta? Hapo utajua unahitaji kuliinua gari kiasi gani.

Usisahau tundu la maji lililo ndani ya banda, lile la kuoshea sakafu. Siku ya maji kujaa, maji huweza kurudi kwa njia hiyo hiyo, mlango ukiwa umefungwa kwa kufuli. Liwekee kizibo cha mpira chenye uzito juu yake.

Kuhama ndiyo dawa

Nitasema wazi: hakuna turubai, gunia wala jeki iliyo bora kuliko gari kuwa mahali pa juu kabla mvua haijaanza. Mambo mengine yote yatakayofuata ni ya asiyeweza kuhama.

Tafuta kimbilio wakati wa kiangazi. Ghorofa ya pili ya maegesho mjini inafaa. Maegesho ya chini ya ardhi ni kaburi. Ukiwa na ndugu upande wa Mazeras au Mariakani, ardhi kule inapanda, na ua wake unaweza kuokoa gari lako. Kwale mjini kuko juu zaidi, na siku hizi unaweza kupita Dongo Kundu bila kupanga foleni ya feri Likoni. Zungumza na mwenyeji mapema, mkubaliane siku ngapi na malipo gani, hata akiwa shemeji. Mtu anayepigiwa simu saa nne usiku mvua ikinyesha hatakufungulia geti kwa moyo mmoja.

Kanuni ninayofuata sasa ni hii: Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua kubwa pwani, na bamvua iko ndani ya siku tatu, gari linaondoka. Linaondoka mchana, barabara kavu, wala sisubiri kuona wingu. Ukichelewa hadi barabara imejaa maji, basi usitoke nalo. Maji yanayokwenda, yakifika sentimita 30 tu, huweza kuliinua gari dogo, na sentimita 60 hubeba karibu magari yote. Zaidi ya hapo, difu, yaani boksi la gia za ekseli ya nyuma, iliyopata moto barabarani ikitumbukia kwenye maji baridi hupoa ghafla, na hewa iliyo ndani yake hujikunja na kuvuta maji kupitia tundu la kupumulia. Unafika salama, unafurahi, na miezi mitatu baadaye difu inalia.

Ukibaki, liinue

Lisafishe gari kwanza na ulikaushe, kwa sababu uchafu chini ya kifuniko husugua rangi. Kisha toa betri. Hicho ndicho kitu cha kwanza, kwa kuwa maji ya chumvi yakikutana na waya zenye umeme, shaba huliwa kwa muda mfupi mno. Waya iliyokufa huoshwa ikapona. Waya yenye umeme ndani ya maji ya chumvi huoza kutoka ndani.

Kuinua kunataka subira. Tumia stendi za chuma chini ya ekseli na chini ya chesisi, au mataruma ya reli yaliyopangwa kwa kupishana, mawili hivi na mawili vile. Usitumie kabisa matofali yenye matundu. Hupasuka bila onyo, na mtu aliye chini ya gari hapati muda wa kusema neno. Inua upande mmoja kidogo, kisha wa pili, mpaka upite mstari wako wa ukutani kwa angalau sentimita 20. Ukimaliza sukuma gari kwa bega. Likitikisika, anza upya.

Sasa jambo ambalo wengi hawaliamini: gari huelea. Beetle ndiyo hasa, maana tumbo lake limefungwa vizuri. Lakini hata 504 huinuka maji yakipita sakafu yake. Likielea kidogo tu huteleza kwenye stendi na kuangukia ubavu. Kwa hiyo pachika pete nne za chuma kwenye sakafu au nguzo imara, funga kamba kutoka ekseli hadi kwenye pete, ukiacha ulegevu wa kiganja kimoja.

Toa kila kinachotoka kwa urahisi: viti, kapeti, redio, tairi la akiba, vifaa vya kwenye buti. Vipandishe ghorofani. Jaza tangi la petroli mpaka juu, ili maji yasipate nafasi, na mfuniko ufunge kwa utepe. Ziba ekzosi, mdomo wa kabureta na matundu ya kupumulia kwa vitambaa, kisha juu yake nailoni na utepe. Halafu, tafadhali, andika kwenye karatasi kubwa: VITAMBAA NDANI, USIWASHE, uifunge kwenye usukani. Hata wewe mwenyewe utasahau baada ya wiki.

Ng'ambo huuzwa mifuko mikubwa ya plastiki ambayo gari huingizwa ndani na kufungwa kwa zipu. Hapa unaweza kuiga kwa turubai zito la lori lisilo na tundu: litandaze, endesha gari juu yake, inua kingo zote nne hadi juu ya madirisha, ufunge kamba kuzunguka. Linazuia maji ya kimo cha goti vizuri. Lakini kuna mambo mawili. Gari lililo ndani ya mfuko ni mtumbwi, kwa hiyo zile kamba za pete ni lazima. Na hewa yetu ya Mombasa ina unyevu mwingi. Gari lililofungwa nailoni hutoka jasho na kuota ukungu. Turubai likae siku za hatari tu, kisha litoke. Kifuniko cha siku zote kiwe cha pamba kinachopitisha hewa.

Magunia ya mchanga mlangoni yanasaidia ikiwa yamepangwa kama matofali, yakipishana, na karatasi ya nailoni nyuma yake. Mchanga usiwe wa ufukweni. Nimeona mtu akijenga ukuta wa mchanga wa bahari kulinda gari, mvua ikanyesha, na maji yaliyochuja kupitia magunia yakaingia na chumvi yake. Na kabla ya magunia, kusanyeni vijana wa mtaa mzibue mtaro. Mtaro uliojaa chupa na mifuko hufanya kazi zetu zote kuwa bure, na maji hayachagui nyumba ya aliyeshiriki na asiyeshiriki.

Karatasi zako

Piga picha gari lote, nje, ndani, chini, namba ya chesisi na ya injini, zihifadhi kwenye simu na kwa ndugu pia. Bima ya mtu wa tatu haitakulipa chochote gari lako likizama. Ukiwa na bima kubwa, soma kama mafuriko yameandikwa ndani yake, na omba thamani ikubaliwe kabla, kwa ripoti ya mkadiriaji anayejua magari ya kale. La sivyo utalipwa bei ya gari bovu la miaka arobaini.

Maji yakishaingia

Usiguse ufunguo. Ningeweza kuandika hilo mara kumi.

Zima umeme wa banda kwenye swichi kuu kabla ya kukanyaga maji. Vaa gambuti na glavu, kwa sababu maji ya mafuriko ya mji yamechanganyika na ya vyoo. Piga picha ya mstari wa juu kabisa uliofikiwa na maji, nje na ndani ya gari. Kila kitu kilichokuwa chini ya mstari huo kitafunguliwa. Kilichokuwa juu yake utakikagua tu.

Kisha osha, na osha upesi, siku hiyo hiyo. Chumvi ikikauka ndani ya maungio huendelea kula chuma miaka mingi, kwa kuwa hunyonya unyevu wa hewa na kujilowesha yenyewe. Hapa ndipo wengi hukosea: huchukua maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na karibu na bahari vina chumvi, na kuoshea gari maji hayo ni kulizamisha mara ya pili. Tumia maji ya bomba, au ya mvua uliyokinga kutoka paani, ambayo ndiyo bora. Bomba hukauka mara nyingi wakati wa shida, na bei ya mtungi kwa wenye mikokoteni hupanda. Kwa hiyo tangu Machi weka mapipa mawili ya lita 200 yakiwa yamejaa na kufunikwa. Elekeza mpira ndani ya vizingiti chini ya milango, ndani ya chesisi, nyuma ya matao ya tairi, na uzibue matundu yao ya kutolea maji. Endelea mpaka maji yanayotoka yawe meupe kabisa, kisha dakika kumi zaidi. Mwenye Land Rover ya zamani azidishe bidii palipokutana bodi ya alumini na chuma, maana hapo chumvi hufanya metali hizo mbili kulana kama betri.

Injini inafuata. Toa plagi zote. Mimina kijiko kikubwa cha oili safi kila silinda, kisha izungushe kwa mkono, kwa hendeli kama gari lako lina mahali pake, au kwa spana kwenye puli ya mbele. Maji yataruka kupitia matundu ya plagi. Ikikataa kuzunguka usilazimishe. Ongeza oili, ngoja usiku kucha. Maji yote yakitoka, izungushe kidogo kila siku mpaka fundi awe tayari, ili ringi zisishikane na silinda.

Mwaga oili ya injini, giaboksi na difu, hata ukidhani ni safi. Oili iliyoingiwa na maji huwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini maji machache hukaa chini kabisa bila kuonekana kwenye kijiti cha kupimia. Mwaga petroli yote pia: maji ni mazito kuliko petroli, hulala chini ya tangi, na ndiyo ya kwanza kunyonywa. Fungua kikombe cha kabureta. Mafuta ya breki hunyonya maji, kwa hiyo yabadilishe yote, fungua ngoma za breki, osha, kausha. Beringi za magurudumu toa grisi ya zamani, weka mpya.

Stata, dainamo na distribuita vifunguliwe, vioshwe kwa maji safi, vikaushwe kivulini kwenye upepo siku mbili tatu. Fundi wa waya wa jua kali aliyezoea magari haya ana thamani kuliko mashine yoyote. Waya za zamani zilizofungwa kwa kitambaa huvuta maji kama utambi wa taa, hadi juu ya mstari wa mafuriko. Hapo mkague pamoja, futi kwa futi.

Viti vya Beetle nyingi za zamani vimejazwa usumba wa nazi. Jambo hilo hunifurahisha kila mara, gari la Kijerumani lenye usumba kama wa kamba zetu. Lakini usumba uliolowa maji machafu huoza, na ni afadhali kuubadilisha. Ngozi ikaushwe kivulini, si kwenye jua la saa sita, hupasuka.

Kuwasha ni baada ya yote haya. Oili mpya ya bei nafuu, filta mpya, dakika kumi tu bila kuendesha, zima, mwaga, tazama rangi. Rudia mpaka itoke safi, mara mbili au tatu, ndipo uweke oili yako nzuri. Wiki hiyo hiyo nyunyizia oili ya kuzuia kutu ndani ya vizingiti na chesisi, pakiwa pamekauka.

Baada ya miezi mitatu, fungua tena ngoma moja ya breki, kiunganishi kimoja cha waya chini ya dashibodi, na kizibo cha difu. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye shaba, chumvi imebaki: rudi kwenye pipa la maji ya mvua uanze kuosha upande huo upya.